Mama Pimbi na Gae la Majivu

Hapo zamani za kale, kabla kiberiti hakijajulikana, wanyama walikuwa wakiombana moto kama ninyi mnavyotumwa kwa jirani kuomba chumvi. Moto wako ukizimika unachukua gae, kile kipande cha chungu kilichovunjika, unakwenda mlango wa pili, unawekewa kaa moja, unarudi mbio kabla halijapoa. Hata uliyegombana naye jana alikupa. Alikupa huku amenuna, lakini alikupa.

Sasa sogeeni huku, msikilize, kwa sababu mwaka huo ilinyesha mvua, jamani, mvua gani ile! Siku tatu haikupumua. Mto ukapanda, mashimo yakajaa, mapango yakajaa, wanyama wote wakakimbilia juu ya kilima kimoja wakajenga vibanda vya harakaharaka: nguzo nne, fito, manyasi juu, basi. Vingine havikuwa hata na ukuta.

Kibanda kidogo kuliko vyote kilikuwa cha Mama Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mnyama wa kwenye mawe, mfupi, mnene, ukimwona kwa mbali utadhani ni sungura aliyekatwa masikio. Mumewe alikwama ng'ambo ya mto. Yeye alikuwa peke yake na mtoto mchanga wa siku tatu, aliyepewa jina la Sikujua.

Basi usiku wa kwanza mvua ikaizima mioto yote. Fshhh! Fshhh! Fshhh! Kibanda hadi kibanda. Kulipokucha watu wakachukua vijiti vya kupekecha moto, vimelowa chapachapa, pekecha, pekecha, wapi! Ukabaki moto mmoja tu kilima kizima, ule uliokuwa kileleni chini ya jiwe kubwa lililoinama kama paa.

Na chini ya jiwe hilo alikaa nani? Kifaru! Kifaru mwenyewe, na mpambe wake Fisi.

Kifaru akatoka nje akanguruma mpaka kilima kikatikisika.

"Sikieni wote! Kuni zote zimelowa, na mimi moto wangu unataka kuni kavu. Anayetaka moto, avunje kibanda chake, aniletee nguzo zake na manyasi yake. Nitampa kijinga kimoja kinachowaka."

"Hihihihi!" Fisi akacheka. "Paa lenu, moto wetu!"

Mnaona shida yenyewe? Ukiwa na paa huna moto. Ukiwa na moto huna paa, na moto bila paa kwenye mvua ni nini? Ni moshi.

Lakini baridi ikikushika huwazi mbali. Wa kwanza kuvunja alikuwa jirani yake Mama Pimbi, yaani Kanga, yule ndege wa madoadoa. Alifunga nguzo na ubao wa mlango wake mzigo mmoja, akapanda nao kileleni, na saa hiyohiyo akarudi.

"Hodi! Hodi shoga yangu, nakufa!"

"Karibu, ingia, ingia, umelowa hivyo! Moto uko wapi?"

"Huu hapa."

Kanga akanyoosha kijiti cheusi kinachodondoka maji.

"Na kibanda chako?"

"Kiko kwa Kifaru. Kinawaka vizuri sana. Walianza na mlango."

Mama Pimbi hakujua acheke au alie. Akamsogezea Kanga mahali pa kukaa, pasipovuja sana, kisha akasema kwa haraka kama mtu anayeogopa maneno yake mwenyewe:

"Shoga, hebu mshike huyu. Mshike miguu. Tangu asubuhi hajanyonya, namwekea ziwa analiacha, namwekea tena analiacha, na halii, ningefurahi angelia, halii hata kidogo."

Kanga akaigusa miguu ya Sikujua. Ilikuwa baridi kama kokoto za mtoni.

"Mama Sikujua," akasema, "mtoto huyu anataka moto. Leo. Kabla jua halijazama."

"Najua."

"Utavunja?"

"Nikivunja atalowa. Nisipovunja..." Hakumalizia.

"Na kupigana na Kifaru ndiyo hivyo tena."

"Nipigane naye? Mimi nikipanda juu ya ukwato wake sionekani!"

Wakakaa. Mvua nje pa pa pa pa. Mama Pimbi alikuwa anamsugua mtoto mgongoni, anasugua na kuwaza, anasugua na kuwaza, mara akauliza swali la ajabu.

"Ulipofika kule juu, nani anautunza ule moto?"

"Autunze nani! Fisi anatupia kuni tu. Ukipungua anatupia, ukipungua anatupia."

"Majivu hawazoi?"

"Thubutu! Majivu yamejaa mpaka magotini. Kifaru kila saa anapiga chafya, pwaaa! Jiwe linatikisika."

"Na usiku? Wanavumbika?"

"Kuvumbika?" Kanga akacheka pamoja na baridi yake. "Shoga yangu, wale hawajapika hata uji tangu wazaliwe. Walikuwa wanapikiwa na mama zao. Watajulia wapi kuvumbika?"

Hapa nisimame kidogo, maana hata ninyi mmezoea kiberiti. Zamani mama hakuacha moto uwake usiku kucha, kuni zingeisha. Alichukua kaa moja nene, akalilaza katikati ya majivu, akalifunika gubigubi. Ukitazama unaona majivu tu, ukigusa juu pamepoa. Lakini asubuhi akifukua, kaa lile liko hai, jekundu, linamngoja. Huko ndiko kuvumbika. Mwenye kupika anajua kwamba majivu ni blanketi la moto. Asiyepika anadhani majivu ni maiti yake.

Mama Pimbi akainuka, akalichukua gae lake, lile kubwa la chungu cha maji.

"Mwatamie mwanangu kama yai. Usitoke hapo hata nikichelewa."

"Unakwenda wapi?"

"Kuomba majivu."

"Majivu?! Jamani, baridi imempanda kichwani!"

Lakini alikuwa ameshatoka.

Akapanda. Matope, teleza, simama, teleza, simama. Msidhani alikuwa shujaa, alikuwa anaogopa, moyo unampiga pu pu pu, mara mbili nzima aligeuka kurudi, na mara mbili akaikumbuka ile miguu midogo. Akapanda.

"Simama hapohapo!" Fisi alikuwa amekaa mlangoni pa jiwe. "Nguzo zako ziko wapi?"

"Shikamoo, Bwana Fisi."

Fisi akababaika. Ilikuwa miaka tangu mtu amwamkie.

"Mara... marahaba. Nguzo nimesema!"

"Sikuja kuomba moto, bwana. Nataka majivu tu. Kuna siafu."

"Siafu!" Fisi akainua mguu mmoja, akainua na wa pili, akabaki anarukaruka. "Wapi? Wapi?"

"Mvua imewatoa ardhini, wanapanda kilima. Nina mtoto mchanga, nataka nizungushie majivu pale anapolala. Siafu hawavuki majivu, si mnajua wenyewe?"

"Tunajua, tunajua," akasema Fisi, ambaye hakuwa anajua.

Ninyi mtaniuliza, siafu walikuwepo kweli? Asubuhi alikuwa ameona wawili. Wawili nao ni siafu.

Sauti ikatoka ndani, nzito kama jiwe linaloviringika. "Nani huyo?"

"Ni Pimbi, bwana mkubwa. Anaomba majivu."

"Anaomba nini?"

"Majivu!"

Kifaru akacheka, akacheka mpaka pembe yake ikagonga jiwe, ngoo! "Wenzake wote wanataka moto, huyu anataka mavi ya moto! Mwache aingie. Achukue mpaka achoke, atanipunguzia chafya. Lakini Fisi, macho! Akigusa mwali hata mmoja, mkanyage."

"Mwali nitaugusia wapi mimi, bwana? Hata kuutazama naogopa," akasema Mama Pimbi, na hilo lilikuwa kweli tupu.

Akaingia. Aaah, joto! Joto lilimpiga usoni akatamani akae hapohapo asiondoke. Moto ulikuwa mkubwa, ndimi za moto zinapanda mpaka kwenye jiwe, na katikati yake akauona ubao wa mlango wa Kanga unamalizikia. Hakuusogelea. Akazunguka nyuma, upande wa majivu matupu, kule vilikoangukia vichwa vya nguzo vikazikwa bila mtu kuvizika.

Akatandaza mgongo wa mkono wake juu ya majivu bila kuyagusa. Hapa baridi. Hapa baridi. Hapa baridi. Hapa...

"Mbona unapapasapapasa?" Fisi alikuwa nyuma yake, anamhemea kisogoni.

"Nachagua laini, bwana. Ngozi ya mtoto mchanga, unajua tena."

"Chagua upesi!"

Akachota majivu yaliyopoa, akatandika ndani ya gae. Kisha kwa kijiti akasukuma pale penye joto, harakaharaka, yakaingia makaa mawili makubwa kama mapera. Hayakuwa mekundu, yalikuwa yamejivika majivu, ungeapa ni mawe. Akamwagia majivu mengine juu, akasawazisha kwa kiganja.

"Asanteni sana, mabwana. Mungu awazidishie."

"Lete nione," akasema Fisi.

Pu pu pu pu! Fisi akaweka kiganja juu ya majivu. Akabonyeza.

"Baridi. Baridi kama kiazi cha jana." Kisha akainamisha pua. "Lakini linanuka moto."

"Bwana Fisi, majivu yangenuka samaki ndiyo ungeshangaa."

"Ha!" Kifaru akapiga mguu chini. "Hapo amekupata!"

Fisi hakupenda. Akalishika gae kwa chini, akaruka nyuma. "Bwana mkubwa! Chini lina joto!"

Kuni zikalia tatatata. Kifaru akageuza kichwa chake kile kikubwa polepole, na Mama Pimbi akaona pembe inamjia, inamjia, na ulimi wake ukasema kabla yeye hajafikiri:

"Hata wewe mwenyewe una joto, Bwana Fisi, umekaa karibu na moto. Mbona huwaki?"

Kifaru akamtazama Fisi juu mpaka chini.

"Fisi, unawaka?"

"Siwaki, bwana."

"Basi mwache mama wa watu aende zake! Unanipotezea usingizi."

Mama Pimbi akatoka. Hakukimbia. Alitembea taratibu mpaka kwenye kona, na alipopita kona, wee! Akatimua!

Lakini mvua je? Majivu yakilowa yanaganda, na kaa likigandiwa linakufa. Akifunika sana, halipumui. Akifunua, linapigwa maji. Basi akainama, akalikumbatia gae kifuani, akaufanya mgongo wake mwenyewe kuwa paa. Kifua kinaungua, mgongo unaganda, miguu inateleza. Tone moja likapenya, chss! Akalia, "Usife, usife, tafadhali usife," hata hajui anamwambia kaa au anamwambia mtoto.

Akaingia kibandani ameinama vilevile.

"Umepata?" Kanga akauliza.

"Sijui! Leta manyasi makavu!"

"Hayapo! Yote yana maji!"

"Chini ya mtoto! Yale anayolalia!"

Kanga akamwinua Sikujua, akamfunika kwa bawa, na kwa mguu akavuta manyasi kutoka chini. Konzi moja tu. Ndiyo kavu pekee iliyobaki kilima kizima.

Mama Pimbi akamimina majivu chini, akafukua. Kaa la kwanza jeusi. Akalipuliza, fuuu! Jeusi. Akalipuliza tena, fuuu! Jeusi tii, limekufa. Akafukua la pili. Jeusi nalo.

Fuuu! Fuuu! Majivu yakamwingia machoni.

"Shoga, shoga, ngoja," akasema Kanga. "Puliza polepole. Umeogopa, unapuliza kama mtu anayezima."

Mama Pimbi akafumba macho. Akavuta pumzi. Akapuliza tena kidogo, kama anavyompuliza mtoto usoni akilala. Fu... fu... fu...

Na pale katikati ya kaa likafunguka doa jekundu, dogo kama jicho la chiriku.

"Limenitazama!" akanong'ona.

"Usiseme, puliza!"

Fu... fu... Akaliwekea manyasi. Moshi mwembamba. Moshi mnene. Wakakohoa wote wawili, kisha, pwaa! Mwali!

Wakamweka mtoto karibu, si karibu sana, wakamgeuza huku, wakamgeuza huku. Miguu ikaanza kulegea. Mama yake akampa ziwa. Hakunyonya. Bado.

"Sasa tuzibe mlango," akasema Kanga. "Moshi ukionekana kule juu tumekwisha."

"Tusizibe. Chomoa ufito mmoja kwenye paa, uwashe, upeleke kwa Nungunungu. Mwambie naye ampe jirani yake, na jirani yake ampe jirani yake."

"Una wazimu? Moto wenyewe kama kidole!"

"Ukiwa mmoja, Kifaru atakuja aukanyage mara moja, kwisha. Ikiwa ishirini, ataanza na upi?"

Kanga akachomoa ufito. Akaukausha motoni mpaka ukawaka. Akachukua kijinga, akakifunikia lile gae kama kofia, akatoka mbio.

Mngeuona huo moto unavyotembea! Kwa Nungunungu, pwaa! Kwa Ngiri, pwaa! Kwa Kobe ukachelewa kidogo, lakini pwaa! Mwenye paa akampokea asiye na paa, wakabanana, wakakanyagana, hakuna aliyelalamika. Moshi ukapanda kutoka vibanda ishirini.

Kileleni Kifaru akanusa.

"Fisi. Kile ni nini?"

"Ukungu, bwana mkubwa."

"Ukungu unanuka viazi vya kuchoma?"

Gudu gudu gudu gudu! Kifaru huyo anashuka, Fisi nyuma yake. Akafika kwa Nungunungu.

"Moto huu umeutoa wapi?"

"Kwa jirani."

"Jirani yupi?"

"Huyo hapo."

Akaenda kwa huyo hapo. "Umeutoa wapi?" Kwa jirani. Akaenda kwa jirani. Kwa jirani. Kwa jirani. Kwa jirani! Amezunguka kilima chote, mvua inamwingia masikioni, mpaka akafika kwenye kibanda kidogo kuliko vyote. Akachungulia, akamwona Mama Pimbi na mtoto wake, na moto mdogo katikati. Akainua mguu juu ya moto. Mguu ule ulikuwa mpana kuliko nyumba.

"Wewe! Umeniibia moto wangu!"

Mama Pimbi alitaka kukimbia. Lakini akimbilie wapi na mtoto hajanyonya? Akabaki, sauti ikatoka nyembamba kama uzi.

"Wako umepungua, bwana?"

"Nini?"

"Moto wako. Umepungua?"

Kifaru akasita, mguu hewani. "Fisi, umepungua?"

"La, bwana. Tumeuacha unawaka vilevile."

"Basi, bwana mkubwa," akasema Mama Pimbi, "kitu gani kinaibiwa na mwenyewe anabaki nacho?"

Kifaru akafikiri. Kufikiri kwake kulikuwa kunaonekana, kama mtu anayesukuma mkokoteni mlimani.

"Lakini mwali hukugusa! Fisi alikuwa anakuona! Uliutoa wapi?"

"Kwenye majivu, bwana. Moto hulala humohumo."

"Nilisema!" Fisi akapiga kelele. "Nilisema lina joto! Mkanicheka! Nikaulizwa kama nawaka!"

"Kumbe majivu ndiyo wezi!" Kifaru akatetemeka kwa hasira. "Fisi! Panda juu sasa hivi! Fagia majivu yote, mwaga nje mvuani, asije mwingine na gae lake!"

"Yote, bwana?"

"Yote! Isibaki hata chembe!"

"Bwana mkubwa, usi..." Mama Pimbi akaanza.

"Nyamaza! Sikukuuliza!"

Mama Pimbi akanyamaza. Aliambiwa anyamaze, angefanyaje?

Fisi akapotea juu. Wote wakasikiliza. Wakasikia fagio: chwa, chwa, chwa. Kisha wakasikia sauti moja kubwa ambayo haijawahi kusikika kilimani pale:

FSHHHHHHHHHHH!

Wingu jeupe likapanda kutoka kileleni. Fisi akashuka anakimbia, amejaa masizi, anatabasamu.

"Tayari, bwana mkubwa! Peupe! Pamepoa kabisa!"

Kifaru akatazama kileleni. "Na moto?"

Tabasamu la Fisi likaanguka polepole.

"Moto... moto ulikuwa umekaa juu ya majivu, bwana."

Mwanzo hakuna aliyethubutu. Kisha Nungunungu akacheka, Ngiri akacheka, Kobe akacheka akiwa ndani ya gamba lake ili asionekane. Kifaru alikuwa bado ameinua mguu. Akautazama ule moto mdogo chini. Akautazama wa jirani. Akatazama vibanda ishirini, na maji yanamchuruzika mgongoni. Akaushusha mguu pembeni, taratibu, asirushe hata tope.

"Ba... ba... baridi," akasema Kifaru.

"Mnyime," Kanga akamnong'oneza Mama Pimbi. "Shoga, mnyime! Mlango wangu!"

Mama Pimbi alikuwa anamtazama Kifaru amesimama nje. Meno yake makubwa yalikuwa yanagongana.

"Leo na mimi nilisimama nje ya mlango wa mtu," akasema. "Sitaki tena kuuona moto unanyimwa. Lakini bwana, tuelewane. Nguzo zetu ambazo hujazichoma, zirudi."

"Zitarudi," akasema Kifaru.

"Zitarudi leo," akasema Kanga.

"Leo. Fisi, kazilete."

"Na wewe mwenyewe simama pale, upande wa upepo, ubavu wako uzibe mpaka tumalize kujenga. Moto tutakuwashia hapohapo miguuni pako."

Kifaru akaenda akasimama. Akawa ukuta. Upepo ukagonga ubavu wake ukakwama, na kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze, mwali wa Mama Pimbi ukaacha kuyumba, ukasimama wima. Joto likajaa kibandani, likafika kwenye kona, likafika kwenye manyasi ya paa, likafika kwa Sikujua.

Mtoto akapiga chafya. Akanyoosha mguu mmoja. Kisha akakunja uso akalia, nyaaaa! Kilio cha hasira, kilio cha mtu mwenye njaa, na mama yake akalia pamoja naye kwa furaha, akamweka kifuani. Sikujua akatafuta, akakosa, akatafuta tena, akalishika ziwa, akavuta, na akavuta, na Kanga akasema, "Sikiliza, shoga, anameza!"

Ndiyo maana nawaambia, wanangu: moto ukimpa jirani haupungui, ila ukiufungia peke yako, utauzima kwa mkono wako mwenyewe.